Kondensa Chafu na Fedha za Chama

Mtu anayepitia hati za malipo za chama chenye chumba cha baridi, jokofu kubwa la samaki, au hata kiyoyozi kimoja tu cha ofisini, hukutana mara nyingi na maelezo mafupi ya namna hii: "Kujaza gesi." Baada ya miezi mitatu hufuata hati nyingine ya fundi yuleyule: "Kujaza gesi." Kisha, kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, huja hati ya tatu iliyo nzito kuliko zote: "Kununua kompresa mpya." Kila hati imetiwa sahihi na wanaohusika, stakabadhi imeambatanishwa, na kwa upande wa hesabu hakuna kosa la kunyooshea kidole. Hata hivyo fedha za wanachama zimepotea, na sababu yake ni kitu ambacho kingeweza kuondolewa kwa brashi ya rangi, ndoo chache za maji na asubuhi moja ya kazi.

Kitu hicho ni uchafu ulioganda kwenye kondensa. Makala haya yanaeleza kondensa ni nini, kwa nini katika Mwanza na ufuko wote wa Ziwa Victoria huchafuka upesi, jinsi inavyosafishwa, na namna Katibu anavyoweza kuyatambua maradhi yake katika madaftari yake mwenyewe kabla ya kumwita fundi.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba mashine ya baridi haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto, mfano wa mchukuzi atoaye magunia ghalani na kuyapeleka nje. Mchukuzi huyo ni gesi iliyofungwa ndani ya mabomba ya shaba. Ikiwa ndani ya chumba, gesi hulichukua joto la samaki, la maziwa au la hewa ya ofisi. Kompresa huisukuma na kuibana hadi iwe na joto kali kupita hewa ya nje. Halafu gesi hupita katika kondensa, yaani yale mabomba yaliyozungukwa na vibati vyembamba vya alumini katika mashine iliyoko nje ya ukuta, na hapo feni huvuta hewa kati ya vibati ili joto liondoke. Gesi ikiisha kupoa hugeuka maji, hurudi ndani, na safari huanza upya. Mchukuzi akifika mlangoni na kuukuta umezibwa, mzigo hautoki. Atasukuma kwa nguvu zaidi, atachoka, na mwishowe ataanguka.

Jambo la pili ambalo kila mjumbe wa kamati hana budi kulijua ni kwamba gesi hii haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika kandili. Huzunguka humo humo miaka na miaka. Ikipungua, maana yake ni kwamba kuna bomba lililotoboka au kiungo kinachovuja, na fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu na kuliziba anamimina maji katika mtungi uliopasuka. Na ikiwa haikupungua, bali kondensa ndiyo iliyozibwa, basi kuongeza gesi ni kumwongezea mzigo mchukuzi aliyekwisha kuelemewa. Mgandamizo ndani ya mabomba huzidi kupanda, kompresa huchemka, na kifaa kilicho ghali kuliko vyote huungua. Hivyo ndivyo hati ya kwanza na ya pili zinavyoizaa hati ya tatu.

Kila mahali pana uchafu wake. Mashine iliyoko Dodoma husumbuliwa na vumbi. Iliyoko Tanga, Dar es Salaam au Unguja huliwa na chumvi ya bahari hata vibati vyake vikawa unga mweupe. Upepo wa Ziwa Victoria hauna chumvi, na hiyo ni neema, kwani mashine inayotunzwa vema hapa yaweza kudumu kuliko mwenzake wa pwani. Lakini ufuko huu una adui wake: wadudu wa ziwani.

Wadudu hawa, wanaofanana na mbu lakini hawaumi, hukulia katika maji ya ziwa na katika matope ya chini yake, kisha huibuka na kuruka kwa makundi makubwa hata mtu aliyesimama ufukoni huyaona kwa mbali kama moshi unaotoka majini. Wataalamu waliochunguza ziwa hili wameonyesha kwamba baadhi yao huibuka kwa kuufuata mwezi, wengi wao katika siku chache baada ya mwezi kuandama. Upepo ukiwaleta nchi kavu usiku, huvutwa na taa. Sasa itazamwe ofisi au ghala la kawaida: taa ya mlinzi imefungwa wapi? Mara nyingi imefungwa ukutani, juu ya mashine ya nje, ili mwizi asiifungue. Wadudu huja kwenye taa kwa maelfu, na feni iliyo chini yake huwanyonya. Nafasi iliyopo kati ya kibati na kibati haizidi milimita 2 hivi, kwa hiyo mdudu hanusuriki kupita. Hunasa hapo, umande na vumbi humgandisha, buibui hufuata mawindo na kutanda nyuzi zao, na baada ya wiki chache panakuwa na ukoko mgumu wenye harufu ya samaki. Kuihamisha taa hiyo mita chache kutoka kwenye mashine, iendelee kuimulika ikiwa mbali, ni kazi ya nusu saa, na huenda ikapunguza uchafu kuliko dawa yoyote inayouzwa dukani.

Vyama vya bara kidogo, kama vile vya Misungwi, Magu na Kwimba, vina adui mwingine. Msimu wa ununuzi wa pamba unapoanza, kwa kawaida mwezi Mei, nyuzi za pamba huruka kutoka ghalani na kujipanga juu ya kondensa kama blanketi. Msimu huo ndio uleule wa kiangazi na vumbi la barabarani. Kiyoyozi cha ofisi kilichofanya kazi vizuri mwezi Aprili huanza kulalamikiwa mwezi Julai, na lawama huiangukia gesi.

Uchafu huu hauonekani kwa urahisi. Mtu husimama mbele ya mashine ya nje, akaona feni inazunguka na wavu wake ni safi, akaondoka ameridhika. Lakini katika mashine nyingi za namna hii feni huvuta hewa kutoka nyuma na ubavuni, ikaitoa mbele. Basi uchafu wote uko nyuma, upande ulioelekea ukuta, ambako hakuna anayechungulia. Katibu achukue kioo kidogo cha kujitazamia na tochi, akichungulize nyuma ya mashine, naye atajua ukweli katika dakika moja. Dalili nyingine ni mkono wake mwenyewe: hewa inayotoka kwenye feni ya mashine safi ni nyingi na ya vuguvugu, hewa ya mashine iliyozibwa ni chache na ina joto la kuunguza.

Hasara yake katika umeme inaweza kuhesabiwa. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayozidi katika kondensa huongeza umeme unaoliwa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Ichukuliwe kwa mfano kompresa ya chumba cha baridi inayokula kilowati 2.2, ambayo ikiwa safi hufanya kazi jumla ya saa 12 kwa siku na kupumzika saa zilizobaki. Hiyo ni uniti 26.4 kwa siku. Kondensa ikizibwa, kompresa ileile itakula tuseme kilowati 2.5, na kwa kuwa chumba hakipoi upesi italazimika kufanya kazi saa 18. Hiyo ni uniti 45. Tofauti ni uniti 18.6 kwa siku, yaani uniti 558 kwa mwezi wa siku 30. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo kwa kila chama. Katibu azidishe uniti zilizozidi kwa bei iliyoandikwa kwenye stakabadhi yake ya LUKU, kisha aulize kamati kama fedha hizo zilikuwamo katika makisio ya mwaka.

Ushirika wa Usukumani ulianza na mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla Victoria Federation haijaundwa mwaka 1955, wakulima wa pamba waliweka watu wao wenyewe kuangalia mizani ya wanunuzi, kwa kuwa walijua kwamba ratili zilikuwa zikiwapotea mbele ya macho yao. Mita ya umeme ni mzani pia, na vyama vingi havina mtu wa kuiangalia. Stakabadhi za LUKU hutupwa, au hupachikwa kwenye faili bila kusomwa. Yafaa ziandikwe katika daftari: tarehe, uniti zilizonunuliwa, na uniti zilizobaki kwenye mita siku ya kununua. Uniti za mwezi zikipanda bila samaki, maziwa au joto la msimu kuongezeka, kitu cha kwanza cha kutazamwa ni kondensa.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji elimu kubwa, ila kunahitaji utaratibu, na jambo la kwanza katika utaratibu huo ni umeme. Kuzima kiyoyozi kwa rimoti hakutoshi. Izimwe swichi kuu ya mashine hiyo, na mtu mmoja akabidhiwe kuilinda ili asije mwingine akaiwasha kwa kudhani umekatika. Ndani ya mashine ya nje mna kapasita, kifaa kidogo kama kopo, ambacho huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa na kinaweza kumpiga mtu vibaya. Kwa sababu hiyo, kufungua kifuniko cha mashine ni kazi ya fundi peke yake. Kazi ya mhudumu wa chama ni ile ya nje: kupiga brashi na kuosha. Mashine iliyotundikwa ghorofani au juu ya ukuta mrefu pia aachiwe fundi mwenye ngazi madhubuti na msaidizi wa kuishika.

Mashine ikiisha kupoa, uchafu uondolewe kwanza ukiwa mkavu. Wengi hukosea hapa kwa kukimbilia maji. Wadudu na nyuzi za pamba zikilowa kabla ya kupigwa brashi hugeuka matope, nayo matope huingia ndani zaidi na kukauka kama udongo wa kufinyangia. Brashi ya rangi yenye nywele laini inafaa. Ipitishwe kwa kufuata vibati vilivyosimama, kutoka juu kwenda chini, wala isikingamishwe, kwani vibati hivi ni laini kama karatasi ya sigara na vikilala huziba njia ya hewa kuliko hata uchafu wenyewe. Brashi ya waya isikaribishwe kabisa. Vibati vichache vilivyolala vinaweza kuinuliwa taratibu kwa kisu butu cha mezani, lakini mwenye mkono mzito asijaribu, maana nyuma ya vibati kuna bomba la shaba, na bomba likitoboka ndipo gesi itakapoisha kwelikweli.

Baada ya brashi ndipo maji yatumike. Yawe maji safi ya bomba, au ya ziwa yaliyochujwa kwa kitambaa, kwa sababu maji ya ziwa yasiyochujwa huleta matope na majani mapya mahali pa yale yaliyoondolewa. Yamwagwe kwa mpira wa kawaida au kwa kopo la kumwagilia bustani, yakitiririka kutoka juu. Mashine za kuoshea magari zenye nguvu kubwa, ambazo vijana wa mitaani watajitolea kuzileta kwa bei nafuu, hulaza vibati vyote kwa dakika mbili. Fundi akiwa amefungua kifuniko, aoshe kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu urudi kwa njia uliyoingilia, baada ya kufunika kapasita, nyaya na mota ya feni kwa mfuko wa nailoni. Kifuniko kikiwa hakikufunguliwa, maji yawe machache na ya taratibu, na visehemu vya umeme vilivyo ubavuni visilengwe.

Kwa ukoko wenye mafuta, kama ule wa mashine zilizo karibu na jiko au mahali pa kukaangia samaki, povu la sabuni ya kuoshea vyombo latosha. Liachwe dakika kumi, kisha lisuuzwe hadi liishe. Magadi, kostiki ya kutengenezea sabuni, na jiki visitumike kamwe. Vitu hivi huila alumini. Kondensa itang'aa siku hiyo, na katika miezi michache vibati vitaanza kupukutika. Mwisho mashine iachwe ikauke, mwenye kuosha ahakikishe hakuacha kitambaa wala mfuko ndani yake, kisha swichi iwashwe.

Kwa chumba cha baridi kuna tahadhari zaidi, kwa sababu bidhaa iliyomo haingoji. Sangara mbichi hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 0, katikati ya barafu, na kila kupanda kwa joto hupunguza siku zake. Kazi ipangwe alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi na shehena kubwa ikiwa imekwisha kuchukuliwa. Samaki waliobaki waongezewe barafu na mlango usifunguliwe mpaka kazi iishe. Saa moja na nusu ya mlango uliofungwa haidhuru kitu. Mlango unaofunguliwa kila dakika tano ili kutazama hali ndio unaodhuru.

Mahali mashine inapokaa nako kuna hukumu yake. Mwanza ni mji wa mawe, na nyumba nyingi zimejengwa zikiegemea majabali. Mashine ya nje huchomekwa katika ufa kati ya ukuta na jiwe, kwa kuwa hapo haionekani na haimsumbui mpita njia. Jiwe hilo hupigwa na jua mchana kutwa na kutoa joto hadi usiku, na hewa moto inayotoka kwenye feni hugonga jiwe ikarudi nyuma na kuvutwa tena. Mashine hiyo itahangaika hata ikioshwa kila siku. Kanuni nyepesi ni kwamba nyuma pawe na nafasi ya upana wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na mbele pawe wazi angalau hatua moja kubwa. Nafasi hiyo si stoo. Kreti za soda, nyavu zinazokaushwa, matenga ya samaki na magunia yaliyorudishwa na wanachama yatafutiwe mahali pengine. Ikumbukwe pia kwamba Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani. Feni ileile hubeba joto dogo zaidi, hivyo ile akiba ndogo ya nguvu iliyopo haifai kupotezwa kwa uchafu.

Linabaki suala la fundi. Hakuna anayesema kwamba mafundi wote ni wadanganyifu. Wengi ni watu wa kazi, na baadhi yao hujaza gesi kwa kuwa mteja mwenyewe amesema "njoo ujaze gesi". Dawa imo katika maneno yanayoandikwa kwenye hati. Kamati isiidhinishe malipo ya gesi mpaka fundi ameandika mambo matatu: kondensa aliikuta katika hali gani, mgandamizo uliopimwa kabla na baada ya kazi, na mahali palipokuwa pakivuja na jinsi palivyozibwa. Alama ya mafuta kwenye kiungo cha bomba ni ushahidi wa kuvuja ambao hata mjumbe asiye fundi anaweza kuonyeshwa. Pasipo na mahali palipovuja, gesi ilikwenda wapi?

Sababu nyingine ya kuwa mkali ni kwamba mashine nyingi za zamani hutumia gesi iitwayo R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, kama ilivyorekebishwa baadaye, nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza gesi za aina hiyo kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka 2025, na kuziacha kufikia mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Chama chenye mashine ya R22 kisitegemee gesi hiyo itapatikana daima, wala kisiruhusu imwagwe hewani. Mashine mpya nyingi zina gesi ya R32, ambayo inaweza kushika moto. Karibu na fundi anayeifungua pasiwashwe sigara wala jiko. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na linafaa kunakiliwa katika daftari la mali za chama pamoja na tarehe ya kununuliwa.

Katika daftari hilohilo pawe na ukurasa wa matunzo. Kupiga brashi kila mwezi, kuosha kila baada ya miezi mitatu, na fundi afungue kifuniko mara moja kwa mwaka: ratiba hiyo yatosha kwa ofisi nyingi, ila walio ufukoni kabisa, kama Igombe, Kayenze au Nansio, waoshe kila mwezi. Kila safari aliyefanya kazi atie sahihi, na ukurasa huo uwekwe mbele ya kamati pamoja na daftari la uniti.

Kuhusu siku ya kufanyia kazi hiyo, hakuna haja ya kununua kalenda maalumu. Wavuvi wa dagaa hutoka kwa taa katika siku za giza, na wadudu wengi wa ziwani huja mwezi unapokuwa mchanga. Mbalamwezi ikikaribia kutimia, taa za dagaa hazina kazi, mitumbwi hupumzika na vijana wako nchi kavu wakishona nyavu. Wakati huo ukoko wa wadudu bado ni mpya na unatoka kwa brashi bila taabu, na watu wa kubeba ndoo wanapatikana.